Bora Msitoe

Kabla hujamsikia Mwalimu akisema, utamsikia akikohoa. Hakuwa mgonjwa. Kilikuwa kikohozi cha kujitengenezea njia: mara mbili, kimya kidogo, halafu, "Mwenyekiti, mimi nina nukta moja tu." Waliomzoea wakikisikia hujiegemeza vizuri kwenye viti, na wenye watoto wadogo huanza kuwavisha makoti, maana nukta ya Mwalimu haikupata kuwa moja hata siku moja. Wenyeviti wa mikutano walimwogopa. Mimi nilikuwa nikimpenda, na nilikuwa nikimcheka pia, na mpaka leo sijui lipi lilikuwa kubwa.

Mambo ya kwao wapi na ni mtoto wa nani nitayaacha. Sisi Wazanzibari wa London tunayajua mno mambo hayo, tukikutana mazikoni ndiyo mazungumzo yetu. Mimi namtaka Mwalimu wa Hayes, magharibi ya London, niliyesaidiana naye kusomesha watoto kila Jumamosi katika ukumbi wa kukodi mtaa wa jirani wa Southall, ulionuka rangi na bizari. Yeye alikuwa na wakubwa, Kurani na Kiswahili, na mimi nilikuwa na wadogo, ambao kazi yangu kubwa kwao ilikuwa kuwapeleka msalani.

Watoto wetu wale walielewa kila kitu na wakajibu kwa Kiingereza. Mwalimu huinua kijiko na kuuliza, "Hii nini?" Mtoto hujibu, "Spoon." Mwalimu hukishusha kijiko taratibu kama mtu aliyepewa habari ya msiba. "Mamako anakulisha kwa kijiko, babako anakoroga chai kwa kijiko, wewe umekitoa wapi hicho spoon?" Watoto hucheka mpaka wakaanguka. Wiki ya pili ni spoon vilevile.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo hakulifanyia mzaha. Mtoto akimpiga mwenzake, akimtukana, akimvunjia kalamu, hapati juisi wala biskuti mpaka amwendee, amtazame usoni, aseme, "Niwie radhi," na mwenzake ajibu, "Nimekuwia." Wakijaribu kusema sorry, aliwarudisha. "Sorry unamwambia uliyemkanyaga kwenye treni," alikuwa akisema. "Radhi unamtaka mtu ili upate kulala." Na wakubwa aliwafundisha kwamba yaliyo baina ya mja na Mungu, Mungu mwenye rehema huyasamehe, lakini yaliyo baina ya mja na mja hayasamehewi mpaka mwenyewe mwenye haki atamke. Hayo aliyasema kila Jumamosi kwa miaka. Ndiyo maana nayakumbuka, na ndiyo maana yalikuja kumkaba.

Alikuwa mtu nadhifu kupita kiasi. Kofia zake alizifua mwenyewe kwa mkono, akazikausha juu ya bakuli lililopinduliwa ili zishike umbo. Kwenye basi hakuegemea kiti. Alikuwa mchoyo wa maneno ya sifa kwa wengine na mwepesi wa kuyapokea. Ukimwambia, "Mwalimu, leo umesema," uso wote ulimng'aa, na kesho yake atakupigia simu, kisa kuuliza hali ya mama, shabaha yake urudie tena ulilosema jana.

Riziki yake hakuipata kwa ualimu. Alifanya kazi karibu na uwanja wa ndege, kwenye kiwanda cha kupanga vyakula vya ndegeni, trei moja nyuma ya nyingine: wali hapa, samaki hapa, kijitamu pembeni. Alijua ndege zipi zinakula nini. "Nimeilisha dunia nzima, skwambii," alikuwa akijigamba. Na yeye mwenyewe, tangu ateremke London, hakuwahi kupanda ndege hata ya kwenda Paris.

Hilo lilitushangaza wengi. Miaka ya tisini mambo ya nyumbani yalilegea, na watu waliokuwa hata kulitaja jina la Unguja wakiliogopa sasa walikwenda na kurudi. Sisi ndio tuliokuwa na bahati hiyo. Kila Agosti mimi na wanangu tulikwenda na masanduku yasiyofungika, tukakaa tukilalamikia umeme na mbu, tukarudi na bizari na malalamiko zaidi. Mwalimu hakwenda. Nyumba yao ilichukuliwa zamani, wakapewa watu wengine, hayo kila mtu aliyajua. Ukimuuliza, alijibu, "Kurudi si kwenda likizo," na wewe uliyetoka likizo ukanyamaza na halua yako mkononi.

Miaka ile ya mwishoni mwa tisini ulikuwepo mjadala mkubwa juu ya msaada wa serikali ya hapa kwa wakimbizi wa Kipalestina. Ulikuwa kwenye redio, magazetini, msikitini baada ya swala, hata kwenye foleni ya posta. Wapo waliosema serikali iongeze, kwa sababu ina mkono wake katika msiba ule tangu zamani. Wapo waliosema pesa zile hazifiki kwa wenyewe. Wapo waliosema foleni ya hospitali hapa ni ndefu, watu wa hapa kwanza. Na kwetu, nitasema kweli, walikuwepo waliosema kwa sauti ya chini, "Sisi tulipokimbia, nani alitupa hata shuka?"

Mwalimu aliufuata mjadala ule kama wengine wanavyofuata mpira. Redio yake ndogo alikwenda nayo mpaka kazini, na wasemaji aliwajibu kwa sauti huku akipanga trei. Alikuwa na neno lake mwenyewe juu ya jambo hilo, na asili ya neno hilo ilikuwa unga. Yeye na wenziwe walipotoka Unguja waliwekwa kambini Uarabuni, wakagawiwa unga, tende na mablanketi.

"Unga mzuri, mwanangu," aliniambia siku moja tukipanga viti. "Mweupe, laini. Na ndo ubaya wake. Siku za mwanzo twauliza kila siku, lini tutarudi? Halafu twauliza, unga waja lini? Mie nilikuwa kijana mwenye maneno mengi, wanijua. Unga ule ulinifunga mdomo."

Nilimwambia hakuna unga uwezao kumfunga mdomo yeye. Alicheka, na mimi nikajiona mjanja.

Siku ya mkutano ilikuwa Jumapili, katika ukumbi mkubwa wa Southall. Mbunge mmoja aliuitisha ili asikie maoni ya watu, na ukumbi ulijaa mpaka vijana wakasimama ukutani. Nusu ya Wazanzibari wa magharibi ya London walikuwepo. Nilikaa safu ya tatu. Nyuma yangu alikaa Muoka Mikate.

Huyu Muoka Mikate tulimjua sote. Alikuwa Mpalestina aliyekulia kambini Lebanon, mwenye kiduka cha mikate nyuma ya barabara kuu ya Southall, baina ya duka la sari na la vyombo la Mpunjabi mzaliwa wa Nakuru, ambaye akituona tu alituita kwa Kiswahili. Mwalimu alinunua mikate pale kila Jumamosi baada ya darasa. Muoka Mikate hakuwa msemaji. Alichokuwa akikizungumza kwa hamu kilikuwa kimoja: mama yake, aliyebaki kambini na hakukubali kuhama, kwa sababu kutoka kule, alisema, ni karibu zaidi na kwao.

Mbunge alisema, wawili watatu wakasema, halafu kikasikika kikohozi.

Mwalimu alisema vizuri siku ile. Kiingereza chake kilikuwa cha vitabuni, polepole, kila neno limepigwa pasi. Alieleza habari ya kambi yake, ya unga, ya lile swali lililobadilika. Alisema watu wale wana nyumba zao, na funguo wengine wanazo mpaka leo, na mtu mwenye nyumba ukimpa unga tu umemwambia kwa adabu asahau nyumba yake. "Wapeni nyumba zao," alisema, "si unga."

Ukumbi uliitika kwa makofi. Nilipiga mpaka viganja vikaniwasha. Alikuwa mtu wetu, Mwalimu wetu, na Waingereza walikuwa wakimsikiliza. Na pale angelikaa kitako, nisingekuwa na la kuandika. Lakini makofi yalikuwa marefu, na Mwalimu alikuwa Mwalimu. Alisubiri yatulie, akainua kidole na kusema, "Na ikiwa mnatoa unga peke yake, bora msitoe."

Tukapiga makofi tena, kwa nguvu zaidi ya mwanzo. Nilipogeuka nyuma kutafuta mtu wa kufurahi naye, nilimwona Muoka Mikate amekaa, mikono yake iko mapajani. Alikuwa akimtazama Mwalimu kama mtu anayejaribu kukumbuka alimwona wapi. Kisha alichukua koti lake akatoka.

Wiki ile gazeti la mtaa liliyaandika yale mawili ya mwisho tu, bora msitoe. Yote ya kabla yake hayakuwemo. Baada ya hapo yalianza kusafiri. Diwani mmoja, wa wale waliotaka msaada ukatwe, aliyasema mkutanoni: kuna mzee, mkimbizi mwenyewe, Mwislamu, amekula unga huo, naye anasema bora tusitoe. Mtu aliyepiga simu redioni akayarudia. Siku moja Mwalimu alikuwa akipanga trei zake na redio pembeni, akamsikia mtu asiyemjua akisema maneno yake kwa sauti ya dharau. Mwenzake wa kazini alituhadithia kwamba aliizima redio, na tangu siku hiyo hakuja nayo tena.

Alijitetea mwanzoni, lazima niseme. Alipiga simu gazetini, akaambiwa, "Je, hukuyasema?" Aliyasema. Hakuna aliyemsingizia, na hilo ndilo lililommaliza. Kuhusu msaada wenyewe, mimi siwezi kusema kama ulipungua kwa ajili yake. Wakubwa hawaamui mambo kwa neno la mzee wa Hayes. Lakini zilikuja habari kwamba kambini kule mgao umekuwa mdogo, na Mwalimu hakuhitaji ushahidi zaidi. Nilimwambia, "Mwalimu, si wewe." Akanijibu, "Sijasema mie. Nasema miongoni mwa waliosababisha nimo."

Nasi tuliopiga makofi hatukuulizwa na mtu. Kwenye harusi watu walilichambua neno la Mwalimu, wengine wakasema mdomo utamponza, wengine wakasema walilijua tangu zamani. Sikumsikia hata mmoja aliyesema, nami nilipiga makofi. Mimi mwenyewe nilikuwa nikila sambusa.

Kuanzia hapo hakupita tena mbele ya duka la mikate. Akitoka darasani alizunguka nyuma, kwenye uchochoro wa mapipa ya taka, ili akatokee kituo cha basi cha mbali. Yule Mpunjabi wa vyombo alimwona siku moja akampigia kelele, "Mwalimu! Umepotea sana! Kwa nini unapita huku kama paka?" Mwalimu alimjibu kwamba daktari amemwambia atembee. Darasani aliendelea na sheria yake ya radhi, lakini sasa mtoto akimwendea mwenzake kumtaka radhi, Mwalimu alitoka nje kidogo, eti kuvuta hewa.

Halafu akatangaza kwamba anakwenda kuhiji.

Msomaji wa kwetu anajua utaratibu. Anayekwenda Makka hafungi sanduku kabla hajapita kwa jamaa, majirani, na kila aliyeishi naye, kuwataka radhi. Wewe unajibu, "Nimekuwia, na wewe niwie, na utuombee." Kwa wengi ni maneno ya dakika moja na kikombe cha chai. Kwa Mwalimu ilikuwa kazi ya kampeni. Alianzia Hayes, akaenda Southall, akapanda treni mpaka Lewisham kwa mtu aliyewahi kugombana naye juu ya matamshi. Kwa mama yangu alitaka radhi kwa biriani aliyoisema ina chumvi. Kwangu alitaka radhi kwa kunikatisha maneno.

"Lini?" nilimuuliza.

"Mara zote," alisema.

Tuliomuwia radhi tulikuwa wengi, na kila aliyeingia msikitini alikuwa na hadithi yake. Alinunua ihramu, shuka mbili nyeupe, zikiwa bado ndani ya nailoni yake. Msimu ulipofika, hakwenda. Alisema mgongo. Msimu wa pili akapita tena nyumba kwa nyumba, akanywa chai zetu zote, na hakwenda, safari hii goti. Wa tatu watu walianza kumtania, "Mwalimu, mbona radhi zetu zinakuozea?" Waliosema ni ubahili walikuwa wengi, nami sikuwakatalia.

Siku moja nilipompeleka nyumbani kwa gari, nilimuuliza waziwazi. Alikaa akitazama kioo cha mbele. Mvua ilikuwa ikinyesha.

"Nimewataka radhi watu wote nisiowakosea," alisema. "Niliyemkosea namkwepa kwa uchochoro. Sasa mie nikasimame Arafa, nimwambie Mola nini?"

Jumamosi iliyofuata nilimpeleka dukani. Nilikuwa kama mlezi anayempeleka mtoto kuchanjwa, hata mkono nilimshika kidogo tukivuka barabara. Dukani kulikuwa na joto na hakukuwa na wateja. Muoka Mikate alituona, akaendelea kupanga mikate.

Mwalimu hakukohoa vizuri. Kikohozi kilikwama. Alisema, kwa Kiingereza, kisha akajaribu kwa Kiarabu, kwamba anataka kwenda kuhiji, na amekuja kutaka radhi.

Muoka Mikate alifuta mikono kwenye aproni. "Kwangu?" alisema. "Mimi nina duka. Mimi nakula. Anayeula unga uliosema usitolewe ni mama yangu. Mtake yeye."

Nilidhani ametufukuza. Lakini alitoa kadi ya simu mfukoni, akapiga tarakimu zote zile, akasubiri, akaongea, akampa Mwalimu simu kwa mkono wenye unga.

Kiarabu cha Mwalimu kilikuwa cha Kurani na vitabu. Alimwamkia bibi yule kama anayefungua khutba ya Ijumaa, na tukasikia upande wa pili mtu akicheka, kicheko cha kizee chenye kikohozi ndani yake. Muoka Mikate naye akashindwa, akatabasamu. Kwa kuwa Mwalimu alikuwa akimwelewa nusu nusu, mwanawe aliweka sikio karibu na simu akawa anatufasiria.

Mwalimu alimwambia yote. Hakupunguza. Alimwambia mpaka habari ya makofi.

Kisha bibi akauliza, "Kwao wapi huyu?"

"Zanzibar," alisema Mwalimu.

"Kuna vita?"

"Hapana."

"Anaruhusiwa kuingia?"

"Naruhusiwa."

"Nyumba yake ipo?"

"Ipo. Wamo watu."

"Ameiona?"

"Sijaiona tangu siku ile."

Bibi akasema maneno mengi kwa kasi. Muoka Mikate aliyasikiliza yote kabla ya kutufasiria, na alipofasiri alikuwa akiangalia chini. "Anasema, wewe umesema tupewe nyumba, si unga. Ni kweli. Lakini mimi siwezi hata kuuona ukuta wa kwetu, na wewe ndege zinapita juu ya kichwa chako. Nenda. Bisha hodi kwako. Waambie hii ni nyumba yangu, halafu nipigie uniambie wamejibu nini. Nataka nisikie mtu mmoja aliyebisha. Hapo nitakuwia radhi, na uende Makka."

Mwalimu alirudisha simu. Alinunua mikate kama zamani, na Muoka Mikate akaipokea pesa yake kama zamani. Ndani ya gari hakusema neno mpaka Hayes, na kwa Mwalimu hiyo ilikuwa safari ya ajabu.

Alikwenda. Tulimsindikiza uwanja wa ndege kundi zima, tukampiga picha. Alirudi baada ya wiki chache, mweusi kidogo, amekonda kidogo. Habari zilienea kwamba amepokewa vizuri na kila kitu ni salama. Mimi nilikuwa na kazi na watoto na ya dunia, nikampigia simu mara moja, akasema, "Alhamdulillahi." Msimu wa hija ukaja, na Mwalimu hakwenda.

Nilimwendea kwake mwisho wa baridi. Alikuwa ameshaacha kazi ya trei, na darasa limepata mwalimu kijana mwenye kompyuta. Fleti yake ilikuwa ya chumba kimoja, safi kama kawaida, kofia juu ya bakuli. Juu ya kabati niliiona ihramu, bado ndani ya nailoni. Alinitilia chai. Nikasubiri kikohozi. Hakukohoa. Alianza kusema tu, kwa sauti ndogo, na mimi nikaogopa.

"Nilifika," alisema. "Mlango si ule, wameweka mwingine. Nikasimama ng'ambo ya njia, sijui muda gani. Akatoka mwanamke, mtu mzima, anamwaga maji. Akaniona. Ati, 'Karibu baba, wamtafuta nani? Jua kali, kaa upumzike.' Akanikalisha barazani. Barazani kwetu, mwanangu. Akaniletea chai na mkate wa ufuta."

"Ukamwambia?"

"Nikala."

Aligeuza kikombe chake. "Kaniambia wanawe wote wamezaliwa mle. Mamake kafia mle, chumba cha kati. Nikamwambia Mungu amrehemu. Chumba cha kati ndo changu mie. Sasa ningemwambia nini, toka? Bibi wa watu kanipa mkate. Nikamshukuru nikaenda zangu. Unga ule ule, mwanangu, umenifunga mdomo ule ule."

Nilimwambia si kitu, bibi wa kambini angelielewa kuliko mtu yeyote. Nilikuwa najitafutia njia ya kutokea, kama ada yetu.

"Ngoja," alisema. "Nilipiga simu. Akauliza, umebisha? Nikasema nimebisha. Wamefungua? Wamefungua. Umewaambia ni kwako? Na mimi nasikia anavyovuta pumzi, mwanangu, nasikia anangoja. Nikasema, nimewaambia. Wamesema nini? Nikasema, wamesema karibu, hii nyumba yako."

Sikuweza kumtazama.

"Akalia. Akawaita majirani. Akaniambia nirudie, wasikie na wao. Nikarudia. Nikaongeza na chumba cha kati, kwamba nimelala mle. Wakapiga vigelegele, kwa simu, kambi nzima sijui. Akaniwia radhi, yeye na wao, mpaka kadi ikaisha."

Alisukuma kikombe pembeni, akasema, "Basi radhi ninayo. Nende nayo wapi?"

"Mpigie," nilisema. "Mwambie kweli. Atakusamehe."

Mwalimu alinitazama kama alivyokuwa akimtazama mtoto wa kijiko. "Nilishasema mbele za watu bora asipewe," alisema. "Sasa nimempa. Leo nende nikampokonye?"

Alinisindikiza mpaka kwenye lifti. Alinitaka radhi kwa kunichosha, nikamwambia nimekuwia, na nikasahau kumwambia na wewe niwie. Lifti ilikuwa imeshafunga.

Hakwenda Makka mwaka ule, wala baadaye. Ihramu alimpa kijana mmoja wa Pemba aliyekuwa akienda. Mimi Agosti nilikwenda Unguja kama kawaida yangu, nikapita njia ile, nikaiona nyumba. Baraza imepakwa rangi ya buluu. Mwanamke mtu mzima alinikaribisha kwa mkono, nami nikamwamkia nikaenda zangu.

Niliporudi nilipita dukani kwa Muoka Mikate. Ilikuwa Jumamosi, kuna foleni, na joto la tanuri linafika mlangoni. Aliponiona uso ulimfunguka, jambo ambalo si kawaida yake.

"Mwalimu wenu," aliniuliza mbele ya watu wote, "amefika Makka? Mama ananiuliza kila nikipiga. Kambini wote wanauliza. Yule mzee aliyefunguliwa mlango, amefika?"

Nyuma yangu watu walikuwa wakisubiri. Nilimwona alivyoshika ule mkate, kwa mikono miwili, haufungi, anangoja.

"Amefika," nilisema. "Anawasalimia."

Alifumba macho kidogo. Kisha akafunga mikate yangu, akaongeza mmoja juu yake, na nilipotoa pesa ya huo alikataa, akasema ni wa mama yake. Niliupokea. Niliula kwenye basi kabla ya kufika Hayes, ungali moto, nikaumaliza wote.